Nilimdanganya Daktari Kwa Sababu ya Aibu ya Kibarani

Leo naongelea kuendesha. Ndiyo, tumbo la kuendesha, kuharisha, liite utakavyo. Kama uko mezani malizia mahamri yako kwanza, kisha urudi. Sitanii wala sitafuti vicheko. Jambo hili lilikuwa karibu kunichukulia nyanya yangu, na sehemu kubwa ya kosa ilikuwa yangu mimi mwenyewe.

Wacha nianze na nilikotoka, kwa sababu bila hapo hutaelewa kwa nini nilidanganya.

Mimi ni mtoto wa Kibarani. Kama wewe ni mtu wa Mombasa tayari umeshakunja pua. Kwa miaka mingi Kibarani ilikuwa na maana moja tu: jaa. Taka za mji zilimwagwa pale, kando ya maji ya Makupa, mahali ambapo wengi wanaotoka bara kuingia kisiwani hupita. Watu ndani ya matatu walikuwa wanafunga madirisha kabla hata hatujafika, akina mama wanajifunika leso usoni. Na mimi nimekaa mle mle ndani, na sare yangu ya shule, nangoja kumwambia makanga, "Shukisha hapo." Jaribu kuwa na miaka kumi na tatu halafu useme maneno hayo mbele ya matatu nzima.

Mambo yamebadilika, sikatai. Kaunti ilianza kulifunga jaa 2018, taka zikaanza kupelekwa Mwakirunge, udongo ukamwagwa juu, miti ikapandwa. Mwaka 2022 daraja jipya la Makupa likafunguliwa. Leo watu wanasimama pale kupiga picha. Lakini jina halikupandiwa miti. Ukisema "natoka Kibarani" bado kuna mtu atakuangalia mikono.

Sasa nyanya.

Mwaka juzi alishikwa na kikohozi na homa kali. Ana miaka sabini na moja. Tukampeleka hospitali moja huko kisiwani, sitaitaja. Picha ya kifua ikaonyesha nimonia, akalazwa. Akatundikiwa dripu na dawa za antibiotiki kupitia mshipa. Mimi nikaruhusiwa kukaa naye kwa sababu alikuwa hawezi kwenda msalani peke yake. Siku ya nne homa ilikuwa imeshuka, anakula uji, ananiuliza kama kuku wake wamepewa chakula. Nikajua tumepona.

Siku ya tano usiku akaniita kwa sauti ya chini kabisa. "Mwanangu, nisaidie. Nguo imeharibika. Usimwambie mtu."

Nikamsaidia. Nikambadilisha leso, ile chafu nikaenda kuifua bafuni gizagiza kama mwizi. Saa moja baadaye tena. Halafu tena. Kufika alfajiri ilikuwa mara nne, maji matupu, na harufu ambayo sijawahi kuisikia. Na niko na uzoefu wa harufu, elewa hivyo.

Kuna kitu sijakuambia. Siku ya kwanza, mama wa kitanda cha jirani alikuwa ameniuliza, "Nyinyi watu wa wapi?" Nikasema Kibarani. Hakusema kitu. Alichukua tu thamosi yake ya chai iliyokuwa kati yetu, akaihamishia upande wa pili wa kitanda chake. Basi. Ni hilo tu. Lakini nilikuwa nimebeba ile thamosi kichwani siku tano.

Asubuhi daktari akapita na wenzake. "Mama amelalaje? Anakula? Tumbo liko sawa?"

Nyanya akaniangalia. Mama wa thamosi alikuwa amekaa kitandani, anasikiliza. Nikasema, "Tumbo liko sawa, daktari."

Akaandika. Nilimwona akiuandika uongo wangu ndani ya faili.

Siku hiyo kila kitu kilienda kombo polepole. Nyanya aliacha kunywa maji. Mantiki yake ilikuwa rahisi: nikinywa nitaenda tena, nisiponywa sitaenda. Mjomba akaja na kusema ni jicho. Shangazi akasema ni chakula cha hospitali, akaleta madafu. Mimi nikajiona mjanja kuliko wote, nikatoka nje ya geti hadi duka la dawa, nikanunua vidonge vya kufunga tumbo. Hakuna aliyeniuliza mgonjwa ni nani wala amelazwa kwa nini.

Jioni nyanya akaniita kwa jina la mama yangu. Mama yangu alishafariki. Midomo yake ilikuwa imekauka kama karatasi, macho yameingia ndani, na nilipofikiria vizuri nikakumbuka hajakojoa tangu asubuhi.

Nilikuwa na vidonge mkononi, nafungua pakiti, wakati nesi wa zamu ya usiku alipofika. Mama mtu mzima, mwendo wa taratibu. Hakuanza na mgonjwa. Alianza na dirisha, ambako nilikuwa nimeanika leso tatu.

"Mbona leso zote hizi zimefuliwa?"

Nikaanza kulia. Walahi, sikuweza hata kujibu.

Hakunifokea. Aliniuliza maswali, moja baada ya lingine, kama mtu anayepiga hesabu. Ilianza lini? Mara ngapi tangu jana? Ni maji au ni kama uji? Kuna damu? Kuna kamasi? Homa imerudi? Tumbo linauma, limejaa? Amekunywa nini? Amekojoa lini? Halafu akaona mkono wangu. "Hivi umempa?"

"Bado, sista."

"Afadhali. Kuna tumbo ukilifunga unafungia sumu ndani."

Dakika chache baadaye daktari wa zamu alikuwa pale, wakampima presha, ikawa chini. Damu ikatolewa kupima figo na chumvi za mwili, hasa potasiamu, kwa sababu ukiharisha sana potasiamu inapotea na moyo unaweza kuanza kupiga vibaya. Dripu ya maji ikawekwa. Na usiku ule, nyanya akiwa amelala, nilijifunza vitu ambavyo nadhani kila mtu aliye na mzazi anafaa kuvijua.

Cha kwanza: kuendesha kuna kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema ni choo laini au cha maji mara tatu au zaidi kwa siku moja, au kupita kawaida ya mtu huyo. Nyanya alifika mara nne kabla ya jua kuchomoza. Kwa hesabu tu, bila kipimo chochote cha maabara, nilikuwa nimeshapata habari muhimu kuliko zote wodini, nikaifungia ndani ya leso.

Cha pili: kuendesha uliko nako ukiingia hospitali na kuendesha kunakoanza ukiwa umelazwa siku tatu au zaidi ni vitu viwili tofauti. Kule nyumbani daktari atafikiria maji machafu, chakula kilicholala, kipindupindu, amiba. Lakini mtu aliyelazwa siku tano swali linabadilika. Daktari alifungua karatasi ya dawa kabla ya kitu kingine chochote, akapitisha kidole mstari kwa mstari. Dawa nyingi zinaendesha: antibiotiki, dawa za kiungulia zenye magnesiamu, metformini ya kisukari. Kidole kikasimama. Siku ya kwanza nyanya alikuwa amefunga choo, akaandikiwa dawa ya maji ya kulainisha. Bado alikuwa anapewa, kila asubuhi na jioni. Na kwa nini isingeendelea? Faili ilikuwa inasema tumbo liko sawa. Nani aliyesema tumbo liko sawa?

Aliniambia pia kitu cha ajabu: kuna wazee wanaonekana wanaharisha kumbe wamefunga choo. Choo kigumu kimeziba njia, maji yanapita pembeni. Ukimpa huyo dawa ya kufunga umemmaliza. Ndiyo maana lazima tumbo liguswe, wakati mwingine mgonjwa akaguliwe hadi huko nyuma, na hakuna kuona haya.

Cha tatu ndicho kilichonikalia kichwani. Ndani ya utumbo wako kuna mtaa mzima wa bakteria, wengi wao majirani wema. Antibiotiki ikiingia kumtafuta mwizi mmoja kifuani, inavunja milango ya mtaa mzima. Majirani wanakufa. Pale penye nyumba tupu anaingia mgeni anayeitwa Clostridioides difficile. Jina lake la pili lina maana ya "mgumu", kwa sababu waliomgundua 1935, kwenye choo cha watoto wachanga wenye afya, walipata shida kumkuza maabara. Ilichukua hadi 1978 wanasayansi kuthibitisha kwamba ndiye anayewaharisha wagonjwa waliopewa antibiotiki. Anatoa sumu inayochoma utumbo. Mara nyingi watu humpata humo humo hospitalini: kwenye kitanda, kwenye kitasa cha mlango, kwenye mikono ya watu. Na wazee ndio humwonea zaidi.

Choo cha nyanya kikapelekwa maabara. Siku mbili baadaye majibu yakarudi: sumu ya huyo mdudu ipo.

Naomba usome tena hapo. Mdudu aliyemfanya nyanya yangu aharishe hakutoka jaani. Alipata nafasi kupitia dawa iliyomponya kifua, ndani ya jengo lenye sakafu inayong'aa. Mimi nilikuwa nimeficha ugonjwa ili wodi isiseme "si unaona, wa Kibarani hao", na ugonjwa wenyewe haukuwa na habari na Kibarani hata kidogo.

Matibabu? Sikutegemea yangekuwa ya kawaida hivyo. Dawa ya kulainisha ikasimamishwa. Ile antibiotiki ya kifua ikakatwa, kwa sababu siku zake zilikuwa zimetosha, na hilo aliamua daktari, si mimi. Akaandikiwa dawa ya kumlenga huyo mdudu. Hapa niseme kitu: Flagyl si pipi. Sisi Wakenya tumbo likilia tu mtu anameza Flagyl mbili na soda. Kuna sababu ambazo inazitibu na kuna nyingi ambazo haizigusi, na antibiotiki isiyo na sababu ndiyo hiyo inayovunja milango ya mtaa.

Lakini kilichomrudisha nyanya kwanza ni maji. Presha ilipokaa sawa, nesi alileta pakiti ya ORS, akaichanganya kwa kipimo kilichoandikwa pale juu, akanipa kijiko. "Kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena." Nikakaa pale kijiko kwa kijiko mpaka asubuhi.

Nikadharau. Chumvi na sukari? Baadaye nikasoma historia yake. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walimiminika India na kipindupindu kikawaingia. Katika kambi ya Bangaon dripu zikaisha. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, akaamua kuwapa wagonjwa maji ya chumvi na glukosi wanywe, na ndugu zao ndio wakawa wanawanywesha. Vifo ambavyo vilikuwa kama asilimia 30 vikashuka chini ya 4. Siri ni kwamba hata utumbo ukiwa mgonjwa, sukari ikiingia inaishika chumvi mkono, na chumvi inavuta maji. Mwaka 1978 jarida la Lancet liliandika kwamba huenda huu ndio ugunduzi mkubwa zaidi wa tiba wa karne ile. Pakiti inayouzwa duka la dawa la mtaani kwako. Na miongoni mwa waliookoa watu pale kambini walikuwamo ndugu wa wagonjwa, kama mimi.

Ukikosa pakiti: maji safi lita moja, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa juu, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari, kwa hivyo usikisie. Madafu ya shangazi si mabaya, yana potasiamu, lakini chumvi yake ni kidogo, hayawezi kuchukua nafasi ya ORS. Mtoto mdogo huongezewa zinki siku 10 hadi 14. Na hakuna kumnyima mgonjwa chakula. Uji, wali laini, ndizi, anachoweza.

Halafu kuna mikono. Kitandani kwa nyanya kulikuwa na chupa ya jeli ya kutakasa mikono, na mimi nilikuwa naipaka kila dakika, najiona daktari. Nesi akaniambia huyu mdudu anajifungia ndani ya ganda ambalo spiriti haiwezi kulivunja. Sabuni na maji yanayotiririka ndiyo yanamng'oa mikononi, na vitanda na vyoo vinasafishwa kwa jiki. Yaani kwa siku nzima nilikuwa nashika leso chafu, napaka jeli, nashika kitasa, nashika meza. Sasa fikiria ushauri wa sabuni na maji katika mji wetu huu wa maji ya mgao, ambapo mtungi unanunuliwa kwa mkokoteni. Tunaambiwa tunawe, sawa, lakini bomba la wodini likikauka hilo si jambo dogo la fundi, ni jambo la uhai. Kwenye hilo sitanyamaza.

Nataka nirudi kwenye aibu, maana ndiyo iliyonifanya niandike.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na haya, na ni kitu kizuri. Nyanya alinifundisha haya. Lakini huyo huyo nyanya ndiye aliyekuwa akitutisha tukiwa wadogo: mficha maradhi kifo humuumbua. Alikuwa anatuambia sisi. Lilipomfika yeye, haya ilishinda methali. Na kwangu mimi haikuwa haya hata, ilikuwa kitu kibaya zaidi: woga wa kwamba watu walikuwa wananingoja nithibitishe walichokuwa wakifikiria.

Nadhani wengi wetu tuna Kibarani yetu. Mtaa, familia, kabila, ugonjwa wa zamani. Kitu ambacho unaona ukifungua mdomo kitanuka. Lakini daktari hasikii harufu, anasikia habari. Kuna chati inaitwa ya Bristol, ilichapishwa 1997, imegawa choo cha binadamu aina saba, kuanzia vigololi vigumu hadi maji matupu. Watu wazima wenye digrii wamekaa chini wakachora saba. Unafikiri watashtuka na ya nyanyako?

Kwa hivyo ukimlaza mtu, fanya hivi. Chukua simu, fungua sehemu ya kuandika, weka saa kila anapoenda. Maji au uji, damu au hakuna, amekojoa au bado. Uliza kila dawa anayopewa ni ya nini na inaisha lini. Usimpe kidonge kutoka nje bila kusema, hasa cha kufunga tumbo. Ukiona damu, homa, tumbo limevimba, anachanganyikiwa au hakojoi, usingoje daktari apite asubuhi, mfuate nesi saa hiyo hiyo. Na ukiulizwa, jibu ukweli.

Nilipata nafasi ya kurekebisha. Asubuhi ya tatu baada ya usiku ule daktari akapita. "Tumbo?"

Nikasoma kwenye simu, kwa sauti, wodi nzima inasikia. "Jana mara tano, ya maji. Tangu saa sita usiku mara mbili, ya uji. Haina damu. Amekojoa mara tatu." Nyanya akajifunika leso usoni, lakini niliona mabega yanatikisika. Alikuwa anacheka.

Walipoondoka, mama wa kitanda cha jirani akanigusa mkono. Yule wa thamosi.

"Mwanangu," akasema polepole, "na mimi pia. Tangu jana usiku. Nimwambie nani?"

Nilimshika mkono nikamwambia twende kwa sista. Kisha tukanawa. Kwa sabuni.

Nyanya alitoka baada ya siku tisa. Tulipanda tuktuk, na tulipokaribia Makupa dereva akashusha turubai la pembeni, labda kwa mazoea ya zamani tu. Nyanya akamwambia alipandishe. Anataka kuona kwao.